Cheti Nilichokifuata Mbeya

Darasa nililoishia mimi ni la nne, na sioni aibu kulisema. Walioniacha pale shuleni wakaendelea mbele, leo wengine wao wananunua mbao kwangu na kuniita mkurugenzi. Nilianza kwa kubeba magogo begani kwenye misitu ya Mufindi. Nikawa mpasuaji. Nikanunua mashine yangu ya kwanza ya kupasulia mbao ikiwa imeshakufa, nikaifufua mwenyewe kwa waya na matusi. Leo nina mashine tatu, nina Fuso mbili, nina mashamba ya paina na milingoti, yaani mikaratusi, ambayo ukisimama kilimani Igowole unachoka kuyatazama kabla hayajaisha, na nina yadi ya mbao Mbeya mjini ambayo fundi yeyote wa kupaua anaijua. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu kuezekwa bati la rangi. Hayo si majigambo. Mwenye macho aende akaone.

Kwa sababu sikusoma, napenda makaratasi kuliko waliosoma. Ofisini kwangu, yaani kile chumba cha mbele pale nyumbani, ukuta mzima ni vyeti. Leseni ya biashara, kibali cha kuvuna, cheti cha mpanda miti hodari wa kijiji, cheti cha kuchangia ujenzi wa kanisa, hata cheti cha mafunzo ya siku mbili ya kuzima moto msituni. Vyote nimevitia plastiki, vinang'aa. Msomi akiingia na Kiingereza chake namwacha aongee. Macho yake yanapanda ukutani, sauti yake inashuka yenyewe. Mtu wa aina yangu huamini kwamba jambo lisilo na karatasi bado halijatokea. Nayasema haya mapema ili mkifika mbele muone nilivyokosea, na kwa nini.

Mwaka huo akina mama wa usharika wetu walitangaziwa kwamba kituo cha afya kitawapima mlango wa kizazi. Mke wangu alikwenda bila kusukumwa na mtu. Dada yake mkubwa alikufa kwa saratani hiyohiyo, tukamzika kwao Nyololo, na wote tuliomwuguza tunajua alivyokufa. Walichukuliwa vipimo, wakaambiwa wasubiri majibu.

Majibu yalipotoka nilimkuta jikoni anamenya viazi, nikajua kuna neno. Mwanamke huyu humenya kiazi mpaka ganda linakuwa kama karatasi ya sigara. Siku hiyo maganda yalikuwa manene, nusu ya kiazi ilikuwa inakwenda kwa nguruwe.

"Mama, kulikoni?"

"Wamekuta kirusi."

"Kirusi gani?"

"Cha kwenye mlango wa kizazi. Wanasema si saratani. Ila kikikaa miaka bila kuangaliwa ndicho kinachoizaa. Natakiwa niende hospitali kubwa Mbeya wakaniangalie vizuri."

Mwanaume mwenye akili angeuliza, unaogopa? Mimi niliuliza, "Kinapatikanaje?"

Akaweka kisu chini. "Kwa mwanaume na mwanamke kukutana."

"Basi umekitoa wapi?"

Hakulia. Hajawahi kuwa mtu wa kulialia, na hilo ni moja ya mambo yaliyonifanya nimuoe. Alisema, "Nilijua utauliza hivyo. Njia nzima kutoka kituoni nilikuwa natafuta jibu, nikaona bora nikuulize wewe hilohilo."

"Mimi? Mimi mzima kama mlingoti! Tangu lini umeniona kitandani naumwa?"

"Na mimi umeniona lini?" akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Niliondoka pale nimewaka. Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo kwetu likishafanywa halirudi nyuma kirahisi. Nilimwita mshenga, yule mzee aliyetupelekea posa yetu miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Kwa wakwe zangu, mume akiwa na neno zito juu ya mkewe haliropoki, analipitisha kwa mshenga, na wazee wa mke wanakaa kulisikiliza. Na ukiwa umemsingizia binti yao, unalipa mbuzi mbele ya watu. Nilimwambia mshenga: mke wangu amekutwa na ugonjwa wa nje, Jumamosi tukae Nyololo, nami nitakuja na karatasi ya hospitali inayoonyesha kwamba mimi ni msafi.

"Karatasi unayo?" mzee akauliza.

"Nitakuwa nayo."

"Mwanangu," akasema, "siku ya posa uliniambia ng'ombe wapo, na kumbe walikuwa bado wako mnadani."

"Na si nilikuja nao?"

"Ulikuja nao," akakubali, akavaa kofia yake akaenda kupeleka ujumbe.

Jumatano nikampakia mke wangu kwenye Fuso mbele, nyuma nimejaza mbao za yadi, tukashika njia ya Mbeya. Yeye anakwenda kuangaliwa, mimi nakwenda kuchukua cheti changu. Nyololo tulipita bila kusimama, ingawa wazazi wake wanakaa hatua chache tu kutoka barabarani. Makambako tukanywa chai. Chimala nikamnunulia machungwa, akayashika mapajani hakumenya hata moja mpaka Uyole.

Pale hospitali tulimkuta nesi mmoja mama mtu mzima, Mnyakyusa, mwili wake mkubwa na kicheko chake kikubwa. Aliponiona naingia pamoja na mke wangu akapiga makofi, akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile, baba! Leo mvua itanyesha ya mawe. Wanaume wenzako huwa tunawaona pale nje kwenye mabenchi, wameinamia simu."

Nikavimba kichwa. Nikakaa kitini kama mwenye chumba. Akatoa fomu, akaanza kumwuliza mke wangu maswali, na mimi, kama kawaida yangu, nikawa najibu.

"Mama, uliolewa ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minane," nikasema. "Nilimuwahi. Walikuwa wanamnyemelea watatu, mmoja mwalimu. Niliwapita wote!"

Nesi akaandika. "Umezaa mara ngapi?"

"Sita! Na wote wazima, wa mwisho ana miaka mitatu. Mashine zangu zote hazipumziki, sista."

Akaandika. "Unavuta sigara?"

"Mke wangu? Hata ugoro hajui harufu yake. Anayevuta ni mimi. Kijana nilikuwa namaliza pakiti kabla ya gogo la tatu."

"Unavutia nje au ndani?"

"Ndani, nyumba si yangu?"

Akaandika. "Mlishawahi kupima virusi vya Ukimwi?"

"Zamani, mimba ya tatu. Yeye."

"Leo mtapima wote wawili. Kinga ya mwili ikiwa chini, kirusi hiki hakitoki." Akageuza ukurasa. "Mama, mume wako ana mahusiano mengine nje?"

Hapo mke wangu akatazama picha ya mama na mtoto iliyobandikwa ukutani. Na mimi, mdomo wangu umeshazoea kukimbia, nikacheka. "Sista, mimi barabara hii naijua kuanzia Mafinga mpaka Tunduma. Mwanaume wa mbao halali na njaa njiani!"

Ni sentensi niliyokwisha kuisema mara nyingi yadini na kila mara watu wanagonga meza kwa kucheka. Pale hakucheka mtu. Nesi mwenyewe, na kicheko chake chote kile, hakucheka. Akaandika.

"Na kutahiriwa, baba?"

"Wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo," nikasema, na sauti yangu niliisikia imepungua.

Mke wangu akaingizwa ndani kuangaliwa. Nikabaki na nesi. Nikajikohoza, nikamweleza shida yangu: nataka nipimwe kirusi hicho kilichokutwa kwa mke wangu, nipate cheti cha kwamba sina, kiwe na mhuri.

"Cheti?"

"Nitakilipia. Nina kikao Jumamosi."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa asiyejua anaumwa nini. "Baba yangu, kipimo hicho kwa mwanaume hatuna. Kwenye damu hakionekani. Mwanaume anakibeba, hakimuumi, hakimwashi, anatembea nacho anakisambaza huku anajiona simba. Mwanamke ndiye anayekuja kuonekana kwenye kipimo."

"Basi nitajuaje nani alikileta?"

"Hutajua. Anaweza kuwa alikipata juzi, anaweza kuwa alikipata miaka kumi iliyopita. Watu wengi sana hukipata, na wengi mwili unakifukuza wenyewe. Wachache kinawang'ang'ania. Mimi siwezi kukwambia kimetoka kwa nani, wala sitafuti mchawi. Naangalia tu ni mlango gani ulikuwa wazi."

Akageuza ile fomu ikatazama upande wangu. Mimi husoma kwa kidole. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kuolewa mapema. Kuzaa mara nyingi. Moshi wa sigara ndani ya nyumba. Mume msafiri, wapenzi wengi. Mume hajatahiriwa. Kwenye mstari wa mke mwenyewe, wapenzi wengine, palikuwa na neno moja: hapana. Hilo nalo ndilo swali pekee ambalo sikumjibia, alilijibu mwenyewe kwa sauti ndogo wakati mimi natafuta kiberiti mfukoni.

Maisha yangu yote nimetafuta karatasi za kunisifu, na hii ndiyo iliyonieleza nilivyo. Yote niliyoyataja pale kwa kujisifu yalikuwa yameandikwa kama milango ya ugonjwa, na milango karibu yote niliifungua mimi.

Mke wangu walimpaka siki maalumu kwa ndani, wakaona madoa meupe. Wakamtibu palepale kwa kifaa cha moto, wakasema wameyawahi, bado si saratani. Tusikutane kwa wiki sita, na arudi kupimwa baada ya mwaka. Vipimo vya Ukimwi vikatoka, wote hatuna. Nikapewa karatasi yangu, ina jina langu, ina mhuri wa bluu.

Sasa nawaambieni jambo ambalo ningeweza kulificha. Nilipoishika ile karatasi, shetani alinipa akili ya haraka. Nyololo nani atajua tofauti? Baba mkwe wangu macho yameshakufa. Mshenga hasomi. Wataona hospitali, wataona mhuri, wataona sina virusi. Mke wangu akiwa bado amekaa kwenye benchi anapumzika, nilivuka barabara kwenye duka la steshenari, nikaitia plastiki.

Njia ya kurudi aliiona kwenye dashibodi. Akaisoma. Yeye amemaliza la saba, anasoma bila kidole.

"Hii ndiyo utakayowaonyesha Jumamosi?"

"Ni ya hospitali au si ya hospitali?"

"Ya hospitali."

"Basi."

Akairudisha mahali pake taratibu. Tukapita Igawa, tukapita Makambako. Karibu na Nyololo ndipo akasema, anatazama mbele, "Dada yangu alikufa anaitwa malaya. Mume wake alisema ugonjwa ule ni wa wanawake wa vilabuni, na watu wakaamini. Baba alilia misiba miwili, mwili na jina. Sijui kama ana machozi ya mwingine."

 Nikawasha sigara, nikaizima kabla haijafika nusu, nikakata kona ya Igowole.

Jumamosi tukakaa. Sebule ya baba mkwe ni ndogo, pombe ya ulanzi imewekwa katikati kwenye kidumu, mshenga upande wangu, baba mkwe kwenye kiti chake cha mbao, ambazo niseme tu ni mbao zangu. Pembeni yake shangazi wa mke wangu, mama mfupi mwenye ulimi ambao hata mimi nauogopa.

"Kamwene, mkwe," shangazi akaanza kwa salamu. "Tumesikia wewe ni msafi. Tumekuja kukuona unavyong'aa."

Mshenga akasema yake kwa adabu. Kisha wote wakanitazama. Mkono wangu ukaingia kwenye koti, nikaitoa karatasi. Baba mkwe akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea sakramenti. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaipapasa plastiki, akaupapasa mhuri. Herufi hata moja hakuiona, nilijua. Lakini akaamini. Mabega yake yakashuka.

"Karatasi ya serikali haibishaniwi," akasema. "Mwanangu, njoo uwaeleze wazee."

Mke wangu akaja, akaanza kupiga magoti mbele ya baba yake. Mwanamke aliyenipikia nikiwa na mashine moja mbovu, aliyelala na mimi msituni chini ya turubai tukilinda magogo, aliyenifundisha kuandika jina langu vizuri ili nisaini mkopo wa mashine ya pili bila kutia dole gumba. Anapiga magoti kwa kosa lisilokuwa lake, mbele ya karatasi ya uongo. Angeweza kuniumbua kwa sentensi moja, karatasi aliisoma. Hakuisema. Magoti yake hayajagusa sakafu nikasimama.

"Usipige magoti, mama. Wazee, hiyo karatasi si yenyewe."

"Ni ya nani?" shangazi akauliza.

"Ni yangu, ila ni ya Ukimwi. Ya kirusi kile kingine haipo. Kwa mwanaume hakipimwi. Nimekwenda mpaka Mbeya kutafuta cheti cha usafi, nikaambiwa hakitolewi, na hata kingetolewa mimi nisingekipata. Nimetembea barabara yote hii na wanawake nisiowakumbuka sura. Mke wangu hajatembea na mtu. Aliyeleta ugonjwa nyumbani, kama kuna wa kutazamwa, nitazameni mimi. Na marehemu dada yake naye, nadhani tulimsingizia. Na mimi nilikuwemo kwenye waliosema."

 Baba mkwe alikuwa bado ameshika ile plastiki. Mwisho akaiweka chini, akatafuta mkono wa mwanawe kwa kupapasa, akaushika. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Na marehemu, angewahi kama huyu, angepona?"

"Labda, baba," mke wangu akasema.

Wiki iliyofuata nililipa. Kikao kilidai mbuzi. Mimi nikapeleka ng'ombe, dume jekundu, nikalipitisha barabarani mchana kweupe mbele ya maduka yote. Shangazi akatoka akalizunguka, akashika kiuno.

"Tulidai mbuzi, umeleta ng'ombe! Mkwe, wewe hata kukosa unakosa kwa majivuno."

"Shangazi, kosa lenyewe lilikuwa kubwa."

"Hapo umesema kweli," akasema, na tangu siku hiyo tunataniana.

Baridi ya mwezi wa sita ilipofika, wakati ambao siku hizi huku kwetu vijana hupelekwa tohara kwa sababu kidonda kinakauka vizuri, nilikwenda na mimi, nywele za mvi kichwani. Nesi alishaniambia inapunguza hatari, haiifuti. Lakini kupunguza nako ni kazi. Wengine wa rika langu hujificha, wanakwenda wilaya ya mbali. Mimi nilikwenda kituo cha hapahapa, nimevaa msuli, nikapanga foleni na watoto wa sekondari. Nilirudi kwenye mashine zangu natembea miguu imeachana kama mtu anayepanda farasi. Wapasuaji wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikawaacha wacheke, nikawaambia chekeni, lakini Jumatatu gari linakwenda kituoni na anayetaka tohara apande. Walikwenda saba. Na sigara navutia nje siku hizi, kwenye baridi, kama mbwa aliyefukuzwa.

Binti yangu, mtoto wa tano, alipofika umri wa kuchanjwa dhidi ya kirusi kile, pale shuleni palizuka maneno kwamba sindano ile inaua uzazi. Wazazi wakaficha watoto. Nilikwenda na Fuso, nikapanda juu yake uwanjani, nikawaambia: mimi sikusoma, lakini nimemzika shemeji yangu, na nimekaa benchi la Mbeya nikimsubiri mke wangu. Wa kwangu anachomwa wa kwanza. Alichomwa wa kwanza, wakafuata wengine. Kadi yake nimeitia plastiki, iko ukutani, juu kabisa, juu ya leseni.

Mwaka ulipotimia mke wangu akarudi Mbeya. Nikataka kumpeleka, akasema atapanda basi, ana mambo yake ya kununua. Alirudi jioni nikiwa nimesimama getini tangu saa nane, najifanya narekebisha komeo. Alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa vitenge.

"Eeh?"

"Kimeondoka."

Nilimbeba. Umri huu, na mgongo huu wa magogo, nilimbeba kuanzia getini mpaka mlangoni, majirani wanapiga vigelegele hawajui hata cha nini. Nilipomshusha nikanyoosha mkono. "Lete karatasi, kesho naitia plastiki. Nimeshapigilia msumari."

Akacheka. Akaitoa kwenye pochi, akanionyesha kwa mbali, mhuri na yote, kisha akaikunja mara mbili.

"Ukuta ule una vyeti vyako, baba. Hiki changu."

Akaingia nacho chumbani. Huenda kiko ndani ya Biblia yake, au kwenye sanduku la vitenge, hajaniambia na sijatafuta. Wageni wakija ofisini wanaulizia ule msumari mtupu ulioko katikati ya ukuta. Nawaambia hapo ni pa mke wangu, na cheti anacho, ila hakitundikwi. Halafu nawasimulia mpaka chai inapoa.